Nakala na Bandia

Kuchagua ni kazi ngumu, lakini kuchagua nakala ya kitu ambacho asili yake haipatikani ni kazi ngumu zaidi. Anayechagua asili huongozwa na asili yenyewe. Anayechagua nakala hulazimika kwanza kujiuliza ni jambo gani hasa analolipenda katika asili ile, na jibu la swali hilo aghalabu humfichulia mtu siri ambayo hakutaka kuijua. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Shahada yangu ya udaktari niliipata kwa kulinganisha nakala za tenzi za kale, na kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa chuo kimoja cha Marekani namna ya kuzipima nakala hizo. Sikupata kudhani kuwa siku moja elimu ile ingenifuata mpaka katika ununuzi wa motokaa, wala kwamba motokaa ingenisahihisha katika elimu ile.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa motokaa, Ngamiani, Tanga. Karakana yake ilikuwa ya mabati, chini ya mwembe, na ukutani, juu ya sanduku la spana, palitundikwa picha moja tu ndani ya fremu ya mbao. Ilikuwa picha ya motokaa ya buluu isiyo na paa, yenye mistari miwili myeupe kutoka mbele mpaka nyuma, mashavu yaliyovimba juu ya magurudumu, na mdomo mpana kama wa chewa. Mhandisi mmoja mgeni alileta gari lake kutengenezwa akasahau gazeti lake, na baba akaukata ukurasa ule. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nilipomwuliza jina la motokaa ile alisema ni Cobra, na nilipouliza maana yake alisema ni swila. Tangu siku ile nyumbani kwetu iliitwa Swila. Kila jioni, akinawa mikono kwa mafuta ya taa, baba aliitazama kidogo, kisha husema, "Mwanangu, hiyo nitaushika usukani wake siku moja." Alifariki mwaka 2017, na usukani huo hakuushika.

Msiba una njia nyingi za kupita moyoni. Wengine hulia, wengine husafiri, wengine hujenga. Mimi nilinyamaza kwa miaka miwili, kisha nikashikwa na haja ya kuipata Swila. Nilijiambia kuwa natimiza nia ya baba. Nitaeleza baadaye jinsi neno hilo lilivyokuwa kweli, na jinsi lilivyokuwa uongo.

Asili yenyewe haikuwa ya kutamaniwa na mtu wa mshahara. Swila ya kwanza kabisa iliuzwa mnadani Monterey, California, mwezi wa Agosti 2016, kwa dola 13,750,000. Zilizoundwa katika miaka ya 1960 zilikuwa karibu elfu moja tu kwa jumla, na zilizosalia hutunzwa kama vito. Hapana njia nyingine kwa mtu wa kadiri yangu ila nakala, na nakala zake ni nyingi kuliko za motokaa nyingine yoyote ya mashindano. Basi nikaanza kama nilivyozoea kuanza: nikatafuta nasaba.

Carroll Shelby, mwenyeji wa Texas, alishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1959, akishirikiana na Roy Salvadori katika motokaa ya Aston Martin. Maradhi ya moyo yalimwondoa mashindanoni mwaka 1960. Mwaka uliofuata aliwaandikia AC Cars wa Thames Ditton, Uingereza, waundaji wa motokaa ndogo nyepesi iliyoitwa Ace, ambao walikuwa wakiipoteza injini waliyoizoea ya Bristol. Aliwaomba wamtolee chasisi yenye nafasi ya injini ya Kimarekani ya silinda nane. Ford wakampa injini, na mapema mwaka 1962 Swila ya kwanza ikatembea California. Husimuliwa kwamba alikuwa nayo hiyo moja tu, na kila ilipopelekwa kwa waandishi wa gazeti jingine ilipakwa rangi mpya, ili walimwengu wadhani ziko nyingi. Mwaka 1965 mwili wake uliofunikwa, ulioitwa Daytona na kuundwa kwa idadi ya sita tu, uliwanyang'anya Ferrari ubingwa wa dunia wa magari ya aina ya GT.

Habari hizo zilinifurahisha, lakini zilizofuata zilinishtua. Ace haikuanza kwa AC. Ilitokana na motokaa ya fundi aliyeitwa John Tojeiro, na umbo lake lilifuata kwa karibu sana umbo la Ferrari 166 ya wazi. Injini ile ya Bristol nayo ilikuwa mjukuu wa injini ya BMW ya kabla ya vita. Motokaa niliyokuwa nikiiita asili ilikuwa na sura ya Kitaliano, mifupa ya Kiingereza na moyo wa Kimarekani. Hata zile kubwa za baadaye, zilizopewa jina la 427 kwa ukubwa wa injini yake katika inchi za ujazo, baadhi yake zilitoka karakanani na injini nyingine, 428, iliyokuwa rahisi kwa bei. Kadiri nilivyoitafuta asili, ndivyo ilivyozidi kurudi nyuma, kama kivuli cha mtu anayetembea na jua mgongoni.

Msomaji aliyepata kushika miswada yetu atanielewa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu ya mwaka 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaeleza miongo mingi baadaye, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor. Hapana anayesema kuwa kwa sababu hiyo hatuna Muyaka. Hata hivyo, katika tasnifu yangu nilikuwa nimewatendea wanakili wa namna hiyo kwa ukali. Kila neno lililotofautiana niliandika kuwa ni kosa, na mahali pamoja, nakumbuka kwa haya, niliwaita waharibifu. Nilikuwa kijana, na kijana huona rahisi kumhukumu mtu ambaye hawezi kujibu.

Sasa nirudi katika uchaguzi. Nilijifunza kwanza kuwa Swila ni mbili. Ile ya mapema ni nyembamba. Imelazwa juu ya springi bapa zilizokingama kwa upana wa gari, na injini yake iliyojulikana zaidi ni ya lita 4.7. Ile ya mwaka 1965 ina mabomba mazito zaidi katika chasisi, springi za koili, mashavu mapana, na injini ya lita 7. Ya kwanza ni ya mtu anayependa kona. Ya pili ni ya mtu anayependa kuogopa. Picha ya baba ilikuwa na yale mashavu mapana, basi sura nilikuwa nimekwisha chaguliwa. Injini nilichagua mwenyewe, ya lita 5 kutoka Ford, maana ni ya ukoo mmoja na ile ya lita 4.7, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, na haina haja ya kumwua mwalimu wa lugha.

Nilijifunza kadhalika kuwa mtu asinunue Swila kabla ya kuikalia. Mahali pa miguu ni pembamba. Katika nakala moja kiatu changu kilikanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mabomba ya moshi hupita ubavuni, na asiyejihadhari anaposhuka huunguzwa ndama ya mguu. Wakati wa joto injini hupumua mapajani mwa dereva. Nikazoea kuinama na tochi kutazama mahali palipochomelewa, kupima kama magurudumu yamekaa sawa na chasisi, kuuliza breki zimetoka gari gani, na kusoma karatasi za usajili: zinasema motokaa iliundwa mwaka gani, na nani aliiunda? Swali hilo la mwisho, ambalo wanunuzi wengi huliona la makarani, ndilo niliyegundua kuwa lina uzito kuliko yote.

Baada ya miezi minane mbele yangu palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa nakala iliyokamilika, iliyoundwa Afrika Kusini, katika mji wa Port Elizabeth ambao tangu mwaka 2021 huitwa Gqeberha. Sikuamini nilipoambiwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimevuka bahari, na nakala iliyo bora ya motokaa ya Kimarekani ilikuwa ikiundwa na mikono ya Waafrika na kupakiwa melini kuletwa huko huko Marekani. Niliikagua moja na sikuona ila. Ilinipendeza, ikanipa na fahari, lakini bei yake ilinizidi.

Njia ya pili ilikuwa kununua masanduku. Kuna viwanda, na kimoja kinachojulikana sana kiko Massachusetts, vinavyouza chasisi, bodi ya fibaglasi na sehemu nyingine, kisha mnunuzi hutafuta injini na giaboksi akaunganisha mwenyewe. Bei ilikuwa ndogo na hulipwa kidogo kidogo. Lakini niliiona njia hii kuwa ya dhihaka. Mimi, mtoto wa fundi niliyeepushwa na grisi kwa makusudi ili nisome, nitaunganisha nini?

Njia ya tatu ilikuwa katika ghala la mtu mmoja, mwendo wa saa sita kutoka chuoni kwetu. Alikuwa na nakala ya bodi ya aluminiamu iliyofuliwa kwa nyundo, kama zilivyofuliwa za kwanza. Ngozi ya viti ilikuwa imesuguliwa ionekane ya miaka sitini. Rangi ilikuwa imepasuliwa nyufa ndogo ndogo kwa ustadi. Ndani, mbele ya injini, palikuwa na kibati cha nambari chenye herufi tatu zile zile zilizotumika katika miaka ya 1960. Nilipomwuliza habari za kibati kile alicheka kidogo. "Hapana atakayejua," alisema. "Wala si lazima useme uongo. Wakikuuliza, nyamaza tu."

Ningependa kuandika kwamba niligeuka nikaondoka. Sikuondoka. Katika kazi yangu nimepata kuletewa barua iliyochovywa chai ili ionekane ya karne iliyopita, na niliitambua kwa harufu kabla ya kuisoma. Lakini siku ile pua yangu ilikufa. Nilijiona nikiendesha motokaa ile kupita mbele ya wenzangu wa chuo, ambao kwa miaka yote huniuliza kwa upole kama Kiswahili kina maandiko ya kutosha kufundishwa. Nilijiona nikinyamaza. Bei ilikuwa kubwa, lakini si kubwa kuliko akiba yangu yote, pamoja na fedha niliyoahidi kuezekea upya nyumba ya mama. Nikaomba siku saba.

Usiku ule nilimpigia mama simu. Sikumwambia habari za kibati. Nilisema nimeipata Swila ya baba, ila paa lingengoja mwaka mmoja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, paa nimelizoea, litangoja. Baba yako aliipenda ile picha, hilo ni kweli. Lakini miaka yote niliyokaa naye hakunionyesha hata siku moja kuwa anataka watu wamdhanie tajiri. Hebu jiulize, hiyo motokaa ni yake au ni yako?"

Sikuwa na jibu. Kwa kujitetea nilimwomba dada anipigie picha ile ya ukutani aniletee, ili nilinganishe buluu yake na buluu ya motokaa ya ghalani. Kioo cha fremu kilikuwa kikimeta, basi dada akautoa ukurasa nje. Ndipo alipoona kuwa sehemu ya chini ilikuwa imekunjwa kwa nyuma. Akaikunjua, akapiga picha pande zote mbili, akaniletea bila neno.

Chini ya motokaa ile ya buluu palikuwa na maandishi ya Kiingereza. Yalikuwa tangazo. Yalisema kuwa motokaa hii huuzwa kwa sehemu katika masanduku, na kwamba mtu mwenye ujuzi na zana za kawaida aweza kuiunganisha nyumbani kwake. Swila ya baba haikuwa Swila ya Shelby. Ilikuwa nakala.

Nikageuza upande wa pili. Huko, kwa penseli, kwa mwandiko ule niliozoea kuuona juu ya stakabadhi, palikuwa na hesabu. Mabomba ya chasisi, kadhaa. Ekseli ya nyuma, alama ya kuuliza. Injini, neno "itatafutwa". Rejeta, neno "ipo". Mbele ya kila kitu palikuwa na shilingi, na chini jumla, imekatwa, imeandikwa upya kubwa zaidi, imekatwa tena. Jumla ya tatu ilizungushiwa duara, na karibu yake aliandika kitu kimoja tu: umri wangu wa mwaka ule na jina la shule ya bweni.

Nilikaa na karatasi ile mbele yangu mpaka alfajiri. Nilikuwa nimemdhania baba kuwa maskini aliyeota kitu cha matajiri. Kumbe alikuwa fundi aliyetazama kazi anayoweza kuifanya. Hakuipenda Swila kwa kuwa ni ya pekee. Aliipenda kwa kuwa yaweza kuundwa tena, na yeye aweza kuwa miongoni mwa waundaji. Akapiga hesabu mara tatu, na mara ya tatu akachagua kunilipia ada. Usukani ule hakuushika kwa sababu mimi nilishika kalamu. Na mimi, kwa kalamu ile ile, niliandika kuwa wanakili ni waharibifu.

Asubuhi nilimpigia mtu wa ghala nikamwambia simtaki swila wake. Paa la nyumba ya mama liliezekwa kwanza. Kisha nikaagiza masanduku.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu ufundi, alinipa nusu ya karakana yake na robo ya subira yake. Kazi ilichukua majira mawili ya baridi na kiangazi kilichokuwa kati yake. Nilifunga mpira wa breki mahali pasipo pake, ukasuguana na gurudumu, tukaufungua. Nilikaza boliti moja mpaka ikakatika, na mzee akaniuliza kama huko chuoni husahihisha karatasi za wanafunzi kwa nguvu hizo hizo. Mikono yangu, iliyokuwa laini kwa miaka arobaini, ilipata nyufa, na jioni moja niliponawa kwa mafuta ya taa harufu yake ilinikalisha chini. Hapakuwa na jambo nililolifanya ambalo fundi mwingine hakulifanya kabla yangu. Hata hivyo hapakuwa na jambo ambalo mikono yangu haikulifanya kwa namna yake, nzuri au mbaya. Hapo niliwafahamu wanakili wa Lamu, Pate na Mombasa kuliko nilivyowafahamu kwa tasnifu. Mtu hawezi kunakili kitu kirefu bila ya kuingia ndani yake. Neno lililobadilika huenda ni kosa. Huenda pia ni mahali ambapo mwanakili alisikia ushairi ukisema kwa lafudhi ya mama yake.

Jambo moja la wanakili wale nimelifuata bila ya kubadili. Wengi wao, walipofika mwisho wa kazi, waliandika majina yao na tarehe, na wengine wakaomba radhi kwa makosa. Hawakujificha. Hiyo ndiyo tofauti ya nakala na bandia, na haiko katika chuma wala karatasi. Fibaglasi yangu iko mbali na asili kuliko aluminiamu ya ghalani. Lakini motokaa yangu husema ilivyo, na ile husema isivyo, hata mwenyewe akinyamaza. Kunyamaza penye kudhaniwa ni kusema. Mbele ya injini yangu kuna kibati cha shaba nilichokichonga mwenyewe: "Nakala. Imeundwa na mwana wa fundi. 2022."

Kijana mmoja alinijia kituo cha mafuta akaizunguka motokaa mara mbili, kisha akauliza kama ni ya kweli. Zamani ningalifurahi akidhani hivyo. Nilimfungulia boneti nikamwonyesha kibati, nikamsomea maneno yake na kumfasiria. Alifikiri kidogo, akauliza swali ambalo wenye asili hawaulizwi: "Na mimi naweza kuiunda?" Nilimwambia anaweza. Tukasimama pale karibu saa nzima, nikimweleza habari za mahali pa miguu na mabomba yanayounguza.

Tasnifu yangu imo maktabani na siwezi kuifuta. Lakini kila mwaka, katika somo la kwanza, huwasomea wanafunzi ukurasa ule wenye neno "waharibifu", kisha huwaonyesha karatasi moja iliyo katika fremu mpya juu ya meza yangu. Nimeiweka kwa upande wa nyuma, wenye penseli.